Chupa Mbili Chini ya Sinki

Katika nyumba ya Rosalie, sabuni haikuisha. Kipande kilipokuwa chembamba kama jani, alikilowesha, akakibandika juu ya kipande kingine, akafinya kwa viganja mpaka vikashikana. Sabuni ya bafuni kwake ilikuwa na rangi tatu, wakati mwingine nne.

Asubuhi ile Mireille, binti yake, alikuwa bafuni akijitayarisha kwenda shule.

"Mum, this soap is so ugly!" akaita. "Just chuck it!"

"Nitupe sabuni?" Rosalie akajibu kutoka jikoni. "Inatoa povu au haitoi?"

"Yeah, but..."

"Basi nawa. Uso wako haujui rangi."

Mireille akacheka. Alielewa kila neno la mama yake, ila ulimi wake ulikuwa umezaliwa upya hapa Birmingham.

Rosalie alikuwa mjane kutoka Bukavu. Alimzika mumewe katika kambi ya wakimbizi, kabla ya safari ya kuja Uingereza. Sasa yeye na binti yake walikaa Aston, mtaa wa Birmingham, katika nyumba moja ya zile zilizoshikana mstari mzima wa barabara. Jikoni, wakati huo, alikuwa akimimina mafuta ya mawese. Chupa moja ilikuwa imebaki robo, nyingine nusu. Aliziunganisha zikawa chupa moja, ile tupu akaiosha akaiweka. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Haba na haba hujaza kibaba. Hata Bwana Yesu, alipokwisha kulisha watu wengi, aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, kisipotee kitu. Sasa Rosalie ni nani atupe?

Alisali, akafunga mlango, akaenda kupanda basi la Tyseley, mtaa wa viwanda.

Alifanya usafi katika kiwanda cha kupaka vyuma nikeli. Mabomba ya maji, vitasa vya milango, vipuri vya magari, vyote viliingia pale vikiwa vyeusi na kutoka vikimetameta. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na maabara, yaani chumba cha kupimia dawa za kazi ile. Kazi ya Rosalie maabara ilikuwa kufuta meza, kupiga deki na kuosha vyombo vya kioo.

Aliipenda maabara kwa sababu ya mtu mmoja. Huyo alikuwa Kulwinder, msimamizi wake.

Kulwinder alikuwa Singasinga, mzaliwa wa Kisumu. Alikuja Uingereza akiwa msichana, akasoma mpaka akaiva. Siku waliyokutana alimsikia Rosalie akiimba wimbo wa kanisani huku anapiga deki. Akasimama mlangoni akauliza, "Mama, hiyo si Kiswahili?" Tangu siku hiyo walisalimiana kwa Kiswahili, kila mmoja kwa kile cha kwao.

Rosalie alikuwa mtu wa kutazama. Akisubiri sakafu ikauke, alimtazama Kulwinder akifanya kazi, kama mtu anavyomtazama fundi hodari wa kusuka. Kwanza Kulwinder aliingiza msuko wake mrefu ndani ya koti jeupe. Akavaa miwani ya kinga, ile inayofunika mpaka pembeni. Bangili yake ya chuma, ambayo kwa dini yake haivuliwi, aliisukuma juu ya mkono na kuifunika kwa mkono wa koti, kisha glavu ndefu zikapanda juu yake. Ndipo akagusa chupa. Alisoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa kabla ya kuifungua, akaisoma tena kabla ya kumimina. Kila siku. Hata chupa aliyoitumia dakika hiyo hiyo.

"Dada Kulwinder," Rosalie alimtania siku moja, "ile chupa haijabadilisha jina tangu jana."

"Chupa haijabadilisha, Mama Mireille. Lakini mimi naweza kuchoka. Namchunga Kulwinder, si chupa."

Rosalie alilipenda neno lile, akarudi nalo nyumbani. Lakini hakulielewa vizuri, kama tutakavyoona.

Kulikuwa na tatizo ambalo hakuna aliyeliona. Siku ya kwanza ya kazi, meneja alimzungusha Rosalie kiwandani akimweleza sheria za usalama kwa Kiingereza cha Birmingham, harakaharaka. Kila aliposimama kuvuta pumzi, Rosalie alijibu, "Yes." Kwao, mkubwa akikueleza jambo hukunji uso. Unaitikia kwa heshima, mengine utayajua mbele ya safari. Meneja alifurahi. Aliona amemfundisha mtu mwepesi kuelewa.

Ikafika siku ya Alhamisi. Gari la kuchukua mabaki ya dawa lilikuwa halijaja wiki nzima, na stoo ya mabaki ilikuwa imejaa. Kulwinder alikuwa na chupa mbili kubwa za plastiki zenye mabaki. Akaziweka chini ya sinki kwa muda, akaenda chumba cha pili kupima vitu kwenye mizani.

Rosalie alifika na ndoo yake. Akainama kupiga deki chini ya sinki, akaziona zile chupa. Moja ilikuwa na kifuniko chekundu, nyingine cheupe. Karatasi zake zilikuwa zimelowa, wino umetiririka. Maji ya ndani hayakuwa na rangi. Na zote mbili zilikuwa nusu.

Nusu na nusu!

Mkono wake ulifanya kazi kabla ya kichwa. Alifungua kifuniko chekundu, akafungua cheupe, akaanza kumimina nyeupe ndani ya nyekundu, kama anavyomimina mawese.

Chupa ikaanza kutoa sauti kama mafuta moto yakidondokewa na maji. Povu likapanda. Kisha ikatoka hewa yenye rangi hafifu, manjano iliyochanganyika na kijani. Ilinuka kama javel, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, lakini kali mara nyingi zaidi. Koo la Rosalie likafunga. Macho yakawaka. Akatafuta kifuniko kwa kupapasa ili aizibe ile chupa.

"Usifunge! Itapasuka!" Kulwinder alikuwa mlangoni. "Acha hapo hapo! Toka!"

Rosalie alikohoa, akajikunja mpaka magotini.

"Simama, mama! Usiiname! Hewa hii inakaa chini!"

Kulwinder alizuia pumzi, akamshika kwapani, akamvuta mpaka nje ya chumba. Akafunga mlango nyuma yao. Akapiga king'ora cha hatari kilichokuwa ukutani, na kiwanda kizima kikatoka uani.

Nje manyunyu yalikuwa yakianguka. Kulwinder alimketisha Rosalie wima kwenye kiti, mbali na jengo, upande ambao upepo ulikuwa ukitokea. Akaleta maji safi, akamwosha macho, akaendelea kuosha hata Rosalie aliposema imetosha.

"Haitoshi. Maji mengi, muda mrefu. Fungua jicho."

Magari ya zimamoto yakaingia. Meneja akaja mbio, uso mwekundu.

"Who did it?" akauliza kwa sauti. "Who touched those bottles?"

Hicho Kiingereza Rosalie alikielewa. Nani?

Alitazama chini. Kichwani mwake ilipita nyumba ya Aston, kitanda cha Mireille, viatu vya shule alivyomuahidi. Kazi hii alikuwa ameiombea kwa kufunga na kusali. Nani atamwajiri tena mama mgeni aliyetia moshi maabara? Hapakuwa na mtu aliyemwona akimimina. Angeweza kusema alizikuta hivyo.

Kulwinder alichuchumaa mbele yake. Naye alikuwa akikohoa.

"Mama Mireille, niangalie mimi. Mwache yule. Sikuulizi nani. Nakuuliza nini. Mle ndani kimeingia nini na nini?"

"Watanifukuza," Rosalie akanong'ona.

"Labda. Sitakudanganya. Lakini wale wanaume wataingia sasa hivi. Kiwanda hiki kina sumu nyingine, ikikutana na asidi inaua upesi kuliko hii. Wasipojua wanakwenda kukuta nini, wanaingia kama vipofu. Na daktari wako atakutibu vipi, kwa kubahatisha?"

Rosalie aliinua macho. Karibu na gari, mzima moto mmoja alikuwa akifunga mkanda wa mtungi wa hewa mgongoni. Alikuwa akitafuna chingamu, kama mtu wa siku yoyote. Huyu naye, Rosalie aliwaza, kuna mtu anamngoja nyumbani.

"Ni mimi," alisema. "Nyekundu na nyeupe, zile za chini ya sinki. Zilikuwa nusu nusu. Nilitaka kuziunganisha."

"Ipi ndani ya ipi?"

"Nyeupe ndani ya nyekundu. Si yote. Kama kikombe, ndipo ikaanza kulia."

"Asante, mama." Kulwinder alimbana bega. "Asante sana."

Akakimbia kwa mkuu wa zimamoto. Rosalie alimwona akieleza kwa mikono: hii ndani ya hii, hapa, chini ya sinki. Mkuu akatikisa kichwa kukubali. Watu wake wakavaa barakoa, wakaingia wakijua waendako. Hakuna hata mmoja wao aliyeumia.

Rosalie alipelekwa hospitali. Daktari alimlaza mpaka kesho yake, maana hewa ile inaweza kukutesa mapafu baadaye, hata ukijiona mzima. Mireille alikaa kando ya kitanda akamshika mkono.

"Mama," alisema. Siku hiyo Kiswahili kilimtoka chenyewe. "Mama, usikufe."

"Sikufi. Nani atabandika sabuni?"

Juma lililofuata, meneja aliwaita Rosalie na Kulwinder ofisini. Rosalie alivaa nguo ya kanisani. Alishajiandaa kuagwa.

Meneja alisema maneno mengi. Kulwinder akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaongea polepole, huku akimtafsiria Rosalie kila sentensi ili asikae gizani.

"Nimemwambia chupa zile ni mimi niliyeziweka chini ya sinki, na si mahali pake. Nimemwambia karatasi zililowa, na mimi niliona nikasema nitabadilisha kesho."

Meneja akauliza jambo.

"Anasema alikueleza sheria, ukajibu yes. Nimemwambia mimi nilipofika kutoka Kisumu, nikijua Kiingereza cha shule nzuri, nilisema yes miezi mingi kwa watu wa Birmingham, hata wakiniuliza kama nataka chai au nataka kwenda nyumbani. Yes si kuelewa. Ukimfundisha mtu, mwambie akuoneshe."

Meneja alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka kidogo. Kisha akasema kitu kifupi.

"Anasema unabaki," Kulwinder akatafsiri. "Lakini maabara huingii mpaka nikufundishe. Na mimi pia nimetoa sharti: stoo ikijaa, kazi inasimama. Hilo nimemwambia liandikwe."

Rosalie alitoka mle akimshukuru Mungu. Si kwa sababu ya kazi tu. Alikuwa amemwona mtu msomi, mwenye cheo, akisema mbele ya mkubwa wake, "Hapa nilikosea," bila kutetemeka. Aliwajua wahubiri waliokosa ujasiri ule.

Masomo waliyafanyia chumba cha chai, kwa kuwa maabara hakuna kula wala kunywa, hata maji. Kulwinder alileta chupa tupu, safi kabisa, zenye karatasi mpya.

"Ona huu mraba wa rangi ya chungwa. Picha hii unaona nini?"

"Mkono. Kitu kinadondoka juu yake, kinaula."

"Kinaula, ndiyo. Hiyo ni asidi, au kitu kikali kama asidi. Ikikudondokea?"

"Ninakimbia kwako."

"Hapana! Unakimbia kwa maji. Mimi utanikuta baadaye. Maji yanatiririka juu ya mkono, nguo iliyolowa dawa unaivua, aibu weka pembeni. Halafu ndio unaniita kwa kelele."

"Kelele ninazo, dada. Mimi ni mwimbishaji kanisani."

"Na hii?"

"Kichwa cha mfu. Hii hata mtoto anajua."

"Na chupa haina karatasi kabisa, au wino umefutika?"

Rosalie alifikiri. "Ninainusa kidogo, nijue."

Kulwinder alifunga macho. "Mama Mireille. Pua yako inajua mawese yaliyochacha. Hapa pua ikijua, mapafu yameshajua. Chupa isiyo na jina huigusi. Unaniita. Nikiwa na haraka?"

"Ninangoja."

"Nikikasirika?"

"Ninangoja tu. Utakasirika mpaka uchoke."

Walicheka mpaka chai ikapoa. Kutoka mlango wa maabara, Kulwinder alimwonesha kabati kubwa la kioo lenye feni inayovuta hewa mbaya na kuitoa nje. Dawa zinazotoa moshi zinamiminwa mle tu. Akampa miwani ya kinga iwe yake mwenyewe, glavu nene badala ya zile nyepesi za kuoshea vyombo, na koti la kufunga vifungo vyote. Akamfundisha kunawa mikono kabla ya kugusa uso, kabla ya kula, kabla ya kwenda nyumbani. Kila jambo alimwambia, "Sasa nioneshe." Na Rosalie pale asipoelewa, kwa mara ya kwanza tangu aingie nchi hii, alisema waziwazi, "Hapo sijaelewa. Rudia."

Mwisho Kulwinder aliweka chupa mbili mezani, kila moja na maji nusu.

"Haya. Unafanya nini?"

Rosalie alizitazama. "Kwetu kutupa ni dhambi," alisema. "Bwana mwenyewe alikusanya mabaki."

"Hata kwetu gurudwara, hekaluni, chakula hakitupwi. Lakini ile ni chakula, mama. Mkate na mkate ni ndugu. Hizi dawa hujui nani adui wa nani. Siku ile moja ilikuwa asidi ya kusafishia chuma, nyingine dawa ya klorini, kama javel yako lakini kali. Kila moja ikikaa peke yake imetulia. Ukizikutanisha, zinazaa ile hewa."

Rosalie alizitenganisha zile chupa mbili mezani. Kisha uso wake ukafunguka.

"Unajua, dada? Yale mabaki ya Bwana yaliwekwa katika vikapu. Vikapu vingi! Hakuna aliyesema waviunganishe kikapu kimoja."

Kulwinder alipiga meza kwa furaha. "Hiyo ndiyo nitaibandika ukutani!"

Rosalie akarudi maabara. Stoo ya mabaki ilipata rafu mbili, moja nyekundu upande huu, moja nyeupe upande ule, na karatasi za chupa sasa zilifunikwa kwa plastiki zisilowe. Rosalie naye alikuwa na desturi mpya. Kabla ya kugusa kitu, alisema taratibu, "Namchunga Rosalie." Sasa alilielewa lile neno.

Majira ya kuchipua yalipofika, akina mama wa kanisa walikutana Jumamosi kusafisha ukumbi wao, pale Aston, kwa ajili ya Pasaka. Siku hiyo kulikuwa na mpira, barabara imejaa watu wenye skafu, kelele za uwanjani zinasikika mpaka jikoni. Rosalie alikuwa akipanga viti. Mara akasikia kikohozi kutoka chooni. Na ile harufu.

Hakungoja. "Tokeni nje! Wote!" Sauti ya mwimbishaji ilijaza ukumbi. "Jeannine! Toka huko! Usiiname!"

Jeannine, rafiki yake wa tangu kambini, alitoka akikohoa, machozi yakimtiririka. Rosalie akaufunga mlango wa choo, akawatoa akina mama mpaka barabarani.

Pale nje watu wakaanza. "Nani aliyefanya hivi?" "Nani alikuwa chooni?" "Si Jeannine? Jeannine, umefanya nini weye?"

Jeannine aliinamisha kichwa. Midomo yake ilikuwa ikitafuta uongo mdogo wa kujificha. Rosalie aliijua ile midomo. Ilikuwa yake mwenyewe, uani Tyseley.

Akachuchumaa mbele ya rafiki yake.

"Waache hao. Sikuulizi nani. Umemimina nini na nini?"

Jeannine alimtazama kwa mshangao. "Javel," alisema polepole. "Na ile dawa ya choo ya kutoa kutu. Zote zilikuwa zimebaki nusu, nikaona nizimalizie pamoja kwenye ndoo. Mi sikujua, Rosalie."

"Najua hukujua. Aksanti kwa kusema. Ile dawa ya kutu ina asidi ndani. Na javel haitaki asidi."

Rosalie aliomba simu, akapiga 999, namba ya dharura. Alipoulizwa kuna shida gani, alijibu kwa Kiingereza kifupi, kilichonyooka: vitu gani vimechanganywa, wapi, nani anakohoa. Palipomshinda kuelewa, hakusema yes. Alisema, "Say again, please."

Jeannine alitazamwa na daktari, jioni akarudi nyumbani mzima. Pasaka aliimba safu ya mbele.

Wiki iliyofuata Rosalie alikwenda naye kupanga kabati la ukumbi. Javel waliiweka rafu ya juu, mlango wa kushoto. Dawa ya choo rafu ya chini, mlango wa kulia. Kila moja katika chupa yake iliyonunuliwa nayo, jina lake likitazama mbele.

Jeannine alipata chupa nyingine ya javel nyuma ya sufuria. Akaitikisa.

"Hii nayo iko nusu," alisema. "Tuifanye je?"

Mkono wa Rosalie ulitaka kusogea. Miaka mingi ya mama yake ilikuwa ndani ya mkono ule. Akausoma ubavu wa chupa. Akausoma tena. Kisha akaisimamisha peke yake kwenye rafu, akafunga mlango.

"Nusu ikae nusu," alisema. "Twende tukale."